Mshauri wa Kanuni Asipige Kura, Lakini Kura Yake Isifutwe

Jumuiya moja ya maendeleo hapa Chake Chake imegawika tangu ilipofanya mkutano wake mkuu, na kilichoigawa hakihusiani na fedha wala uongozi. Watu wanabishana juu ya mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, aliyekaa ubavuni mwa mwenyekiti siku ile akiwa mshauri wa kanuni, yaani wa kumwelekeza juu ya taratibu za mkutano. Ilipofika hoja ya kukodisha kiwanja cha jumuiya, mwalimu aliomba nafasi, akatamka kwamba sasa anazungumza kama mwanachama, akaipinga hoja. Mikono ilipohisabiwa, wake nao ulikuwa juu. Hoja ikaanguka kwa tofauti ndogo sana. Walioshindwa wanataka matokeo yafutwe, kwa madai kwamba mshauri si mshiriki wa mkutano. Walioshinda wanajibu kwamba mwalimu analipa ada kama wenzake na hakuna mwenye mamlaka ya kumnyang'anya sauti. Nilikuwemo ukumbini, na tangu siku ile nimelisikia jambo hili likizungumzwa Wete na Mkoani, kila mara kama kesi ya pande mbili ambamo lazima mmoja awe na haki na mwengine awe mkosa.

Kwa maoni yangu, wote wawili wameshika nusu ya jambo. Mwalimu hakupaswa kuchangia wala kunyoosha mkono. Hilo nitalitetea bila kusitasita. Lakini kura aliyoipiga ni kura halali, na mkutano hauna njia ya kuifuta. Anayeyaona maneno haya mawili kuwa yanapingana amechanganya haki aliyonayo mtu na dhamana inayomtaka aiweke kando. Mtu anaweza kuvunja dhamana yake na bado kitendo chake kikasimama. Tusipolitenganisha hilo mapema, mikutano yetu mingi ijayo itaishia mahakamani au, kama ilivyo desturi yetu, itaishia kwa watu kununiana miaka.

Kazi ya mshauri wa kanuni si ngeni visiwani. Kila mkutano wa kitongoji una mzee mmoja anayejua katiba ya chama kuliko wengine, na mwenyekiti akikwama humgeukia yeye. Kilicho kipya ni kwamba sasa jambo hili linaandikwa. Jumuiya za kiraia, vyama vya kuweka na kukopa, vikundi vya wakulima wa mwani na hata kamati za wazazi wa skuli zinapitisha katiba mpya, na katika hizo cheo cha mshauri wa kanuni kinatajwa kwa jina. Nilizozisoma zinakitaja kwa sentensi moja: mwenyekiti atamteua mshauri. Kisha kimya. Hazisemi kama atoke ndani au nje ya chama, kama atachangia mjadala, kama atapiga kura. Na pale katiba inaponyamaza, kila mmoja huitia maneno yake mdomoni.

Wanaotafuta jawabu hukimbilia kitabu cha Henry Martyn Robert, na wana sababu. Robert alikuwa afisa mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 alitakiwa kuongoza mkutano wa kanisa huko New Bedford, akajikuta hajui vipi mkutano unaendeshwa, na fadhaa ile ikamsukuma kusoma mpaka akachapisha kanuni zake mwaka 1876. Kitabu kimefika toleo la 12, lililotoka mwaka 2020, na ndicho kinachofuatwa na vyama vingi zaidi Marekani. Kwetu hakina nguvu ya sheria. Jumuiya ya Pemba haifungwi nacho mpaka katiba yake iseme hivyo. Nakileta kwa sababu kimelifikiria suala letu hili kwa muda mrefu kuliko sisi, na ni vyema kuzijua sababu zake kabla ya kuzikubali au kuzikataa.

Kitabu hicho kinasema mwanachama anayekubali kuwa mshauri ana wajibu uleule wa kutoelemea upande alionao mwenyekiti. Kwa hiyo hatoi hoja, hachangii mjadala, na hapigi kura, isipokuwa kura inapokuwa ya siri kwa karatasi. Kinakwenda mbali zaidi: mwenyekiti ambaye ni mwanachama anaruhusiwa kupiga kura pale kura yake inapoweza kubadilisha matokeo, lakini mshauri hata hapo haruhusiwi. Anayeona hawezi kuziweka kando haki hizo anaambiwa asiupokee ushauri tangu mwanzo. Hajanyang'anywa kitu. Amepewa nafasi ya kuchagua, na akishachagua anatarajiwa kubaki na chaguo lake.

Hapo kwenye kura ya kuamua panahitaji kutazamwa kwa makini, maana ndipo palipochomea Chake Chake. Tuseme kura zimelingana. Mwenyekiti anayo nafasi ya kuliamua jambo: ama apige kura hoja ipite, ama anyamaze ianguke, kwa kuwa hoja iliyolingana kura haikupata wingi. Nafasi hiyo amepewa yeye, mbele ya watu wote, na ataulizwa yeye. Akiwa jirani yake anaweza kunyoosha mkono kabla yake na kuivuruga hisabu, basi mamlaka ya kiti yamehamia kwa mtu ambaye mkutano haukumchagua kuongoza. Mshauri huteuliwa, mara nyingi na mwenyekiti peke yake. Wanachama hawakumpigia kura, na hawana siku ya kumuuliza. Ni vigumu kuona kwa nini mtu wa namna hiyo awe na neno la mwisho juu ya kiwanja cha watu.

Lakini mwalimu, wanasema watetezi wake, alitangaza kwamba amevua kofia ya ushauri na kuvaa ya uanachama. Hii ndiyo hoja inayosikika zaidi na, nasikitika kusema, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwenyekiti anayetaka kuchangia anaweza kukiacha kiti kwa muda: makamu anakikalia, watu wote wanaona nani anaongoza, na mwenyekiti harudi mpaka jambo lile limalizike. Kanuni za Robert zinamkubalia hilo mwenyekiti na kumkatalia waziwazi mshauri. Ukilitafakari utaona kwa nini. Kiti kinahamishika, ushauri haurudi ulikotoka. Asubuhi ile mwalimu alikuwa ameshamwambia mwenyekiti ajenda ipangwe vipi, hoja ya kiwanja ihitaji wingi wa kawaida au theluthi mbili, marekebisho gani yapokewe na gani yakataliwe. Alipoipinga hoja saa saba mchana, kila mmoja alikuwa na haki ya kujiuliza kama ushauri wa saa nne ulitolewa kwa moyo mweupe. Naamini ulikuwa mweupe. Lakini imani yangu juu ya mtu mmoja haiwezi kuwa utaratibu wa jumuiya nzima, na mwengine atakayekikalia kiti kile kesho simjui.

Hapa Zanzibar tunao mfano wa karibu zaidi kuliko wa Marekani. Kwenye Baraza la Wawakilishi, Chukwani, anayemshauri Spika juu ya Kanuni za Kudumu ni Katibu wa Baraza na wasaidizi wake wanaokaa mezani mbele ya kiti. Katibu si Mwakilishi. Hatoi hoja, hajadili mswada, hapigi kura. Mwakilishi akisimama na kusema "kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika", Katibu anaweza kufungua kifungu na kumwonesha Spika, lakini sauti inayosikika na uamuzi unaoandikwa ni wa Spika. Baraza hili lilianza mwaka 1980 na limepita misimu ya joto kali la kisiasa, na katika ugomvi wote ule sikumbuki kusikia mtu akilalamika kwamba Katibu kachangia upande mmoja. Hakuweza kuchangia. Mfumo ulimkinga yeye na ukalikinga Baraza.

Kuna wanaouliza: mbona Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza hilohilo kwa mujibu wa Katiba ya 1984, anasimama kutoa ufafanuzi wa sheria na bado ana haki zote za mjumbe? Suala hili ni la maana na halipaswi kupuuzwa. Jawabu lake liko katika kuuliza anamshauri nani. Mwanasheria Mkuu ni mshauri wa Serikali. Kila mjumbe anayemsikiliza anajua anakotokea, na Spika hafungwi na tafsiri yake ya kanuni. Yeye ni mshauri wa upande, na upande wake unajulikana. Mshauri wa kanuni ni wa kiti, na kiti ni cha wote. Kuuchukua mfano wa kwanza kuuhalalishia wa pili ni kusahau kwamba neno "mshauri" limebeba kazi mbili zisizofanana.

Mwaka 2014 tuliyaona yote haya pamoja Dodoma, kwenye Bunge Maalum la Katiba. Katibu wake alikuwa Yahya Khamis Hamad, Katibu wa Baraza letu, na hakuwa mjumbe. Mwenyekiti wa muda, Pandu Ameir Kificho, alisaidiwa kuandaa kanuni na kamati ya wajumbe iliyoongozwa na Profesa Costa Mahalu, watu waliokuwa na kura zao na misimamo yao. Sote tunakumbuka kilichofuata: wiki za mvutano juu ya kanuni hizo, khasa kama kura ya mwisho iwe ya wazi au ya siri, na hatimaye kila mjumbe akaachiwa achague. Sisemi kamati ile haikuwa na nia njema. Nasema kanuni zinapotungwa na wale watakaozitumia kushinda, kila koma inasomwa kama mtego. Na kwenye kura yenyewe, Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wetu wakati huo, alipiga kura ya wazi akazikataa baadhi ya ibara. Siku chache baadaye aliondolewa katika wadhifa wake. Alikuwa mjumbe kamili, kura ilikuwa yake na haki ilikuwa yake. Lakini tukio lile lilionesha jinsi kura ya wazi ya mtu mwenye kazi ya ushauri isivyohisabiwa kama kura moja tu. Watu huisoma kama tamko la ofisi.

Ndiyo maana naiona busara katika ule msamaha wa kura ya siri. Karatasi ikiingia sandukuni haina cheo. Mshauri akipiga kura ya siri anatimiza uanachama wake bila kumwambia yeyote, kwa mkono ulio juu, kwamba mwenye elimu ya kanuni yuko upande huu. Kwenye mikutano yetu ya kunyoosha mikono athari hii ni kubwa. Pemba tunawaheshimu waliotusomesha, na nimewaona watu wazima wakingoja kuona mkono wa mwalimu wao kabla ya kuinua wao.

Upande wa pili una hoja moja ninayoiheshimu kweli, na niliisikia kutoka kwa shekhe mmoja baada ya sala ya alasiri. Alisema: maamuma humzindua imamu anapokosea, kwa kusema "Subhanallah", na bado anasali nyuma yake, kwa nini basi anayemkumbusha mwenyekiti asishiriki mkutano? Nimeifikiria sana. Anachokisema ni kweli, kumkumbusha kiongozi ni jukumu la kila mshiriki, na hakuna kanuni ya mkutano inayomzuia mwanachama wa kawaida kusimama na kusema utaratibu umekiukwa. Lakini ndani ya sala hakuna pande mbili zinazoshindania rakaa. Mkutano wa kukodisha kiwanja una anayetaka na asiyetaka. Maamuma anayezindua hana cha kupata kwa imamu kurudi katika rakaa ya tatu badala ya ya nne, na mshauri wetu alikuwa na cha kupata, maana alikuwa na msimamo juu ya kiwanja. Mwalimu angebaki kwenye safu ya wanachama, angeweza kuzindua na kuchangia na kupiga kura, yote kwa pamoja, na nisingekuwa na neno.

Wengine wanaleta hoja ya udogo wetu. Visiwa ni vidogo, wajuzi wa kanuni wachache, na ukimtaka mshauri asiye na maslahi utamtafuta mpaka Dar es Salaam na jumuiya haina nauli. Hili lina ukweli kwa vikao vidogo. Kamati tendaji ya watu saba au wanane wanaokaa kwenye duara moja haihitaji ukali huu. Robert mwenyewe hulegeza kanuni kwa bodi ndogo zisizozidi takriban wajumbe kumi na wawili, ambamo hata mwenyekiti huchangia na kupiga kura, na sioni mantiki ya kumfunga mshauri kuliko anavyofungwa mwenyekiti. Lakini mkutano mkuu ni jambo jengine. Huko ufumbuzi uko karibu kuliko Dar es Salaam: jumuiya ya Mkoani imwazime mjuzi wake kwa ya Wete, na ya Wete ilipe deni kwa namna hiyohiyo. Hatakuwa na kiwanja anachokigombania huko, na chakula chake cha mchana hakimshindi mtu.

Nawageukia sasa wanaotaka matokeo yafutwe, ambao wanadhani makala haya yamewapa silaha. Haki ya mwanachama kuhudhuria, kuchangia na kupiga kura haiondoki kwa sababu amekalishwa karibu na mwenyekiti. Inaondoka kwa katiba ya chama kusema hivyo, au kwa hatua ya nidhamu iliyofuata utaratibu wake. Katiba ya jumuiya hii haikusema. Hakuna aliyemchukulia mwalimu hatua. Kwa hiyo mkono wake ulihisabiwa kwa haki, na mwenyekiti aliyetangaza matokeo alitangaza kilichokuwepo. Isitoshe, hakuna aliyesimama wakati ule kupinga. Pingamizi la utaratibu hutolewa pale pale jambo linapotokea, na halingojewi mpaka mtu ajue kama kashinda au kashindwa. Wazanzibari tunaujua uzito wa neno "kufuta". Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi wetu mkuu ulifutwa baada ya watu kupiga kura, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila ya chama kikuu cha upinzani, na majeraha yake yamechukua miaka kutibiwa. Jumuiya ya kijiji si uchaguzi wa nchi, lakini mazoea hujengwa chini. Anayezoea kufuta matokeo ya kiwanja kwa kasoro ya adabu hatashangaa atakapoona makubwa yakifutwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mjadala wa Chake Chake umelipita juu juu. Wote wawili wanamzungumza mwalimu kana kwamba yeye ndiye aliyeuendesha mkutano. Mshauri hutoa rai. Mwenyekiti ndiye anayeamua, na uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa mbele ya wanachama ni wa mwenyekiti, kwa kuwa rai ya mshauri peke yake haimfungi mtu. Hata kwenye Seneti ya Marekani, ambako mshauri wa kanuni ni mtumishi wa kudumu na asiye seneta, hali ni hiyo. Februari 2021 mshauri wao, Elizabeth MacDonough, alitoa rai kwamba kima cha chini cha mshahara cha dola 15 hakiwezi kuingizwa katika mswada wa bajeti uliokuwa ukipitishwa kwa njia ya mkato. Waliokuwa na wingi walikasirika, lakini wakaifuata rai ile, ingawa aliyekalia kiti hakulazimika kuifuata. Heshima hiyo imetoka wapi? Imetokana na kwamba hana kura, hana jimbo na hana mswada wake. Na hata hivyo haijamkinga kila mshauri: mwaka 2001 mmoja wa waliomtangulia, Robert Dove, aliondolewa kazini baada ya rai zake juu ya bajeti kuwaudhi wakubwa wa Seneti. Ikiwa asiye na kura anaweza kuandamwa hivyo, anayepiga kura amejivua kinga ya pekee aliyokuwa nayo.

Kwa jumuiya zinazoandika katiba sasa hivi, kifungu kinachohitajika ni kifupi. Kiseme mshauri wa kanuni wa mkutano mkuu hatoi hoja, hachangii wala hapigi kura ya wazi; anaweza kupiga kura ya siri akiwa mwanachama; na asiyekubali sharti hili asiteuliwe. Kiseme pia kwamba uteuzi wake utangazwe kwa wanachama kabla ya siku ya mkutano, ili mwenye wasiwasi aseme mapema na mteuliwa mwenyewe aitazame ajenda ajue kama ndani yake limo jambo asiloweza kulinyamazia. Kazi kubwa ya mshauri hufanyika kabla watu hawajakaa: kupitia ajenda na mwenyekiti, kuangalia akidi, kutayarisha maneno ya hoja yaeleweke. Mshauri aliyeifanya vizuri kazi hiyo husema machache ukumbini.

Na jumuiya ya Chake Chake ifanye nini? Iyaache matokeo yalivyo. Hoja iliyoanguka haijafa. Kwa kawaida ya mikutano inaweza kuletwa tena kwenye mkutano mwengine, na wanaotaka kiwanja kikodishwe wana muda wa kuzungumza na majirani zao mpaka wakati huo. Mwalimu naye achague mapema, kabla barua za mwaliko hazijatoka: ama akae na mwenyekiti na anyamaze, ama ashuke kwenye viti vya wanachama na aipinge hoja kwa nguvu zake zote.